Ardith na Shanta la Kubebea Nyama

Farasi aliyemvunja Ardith Kjelstad nyonga hakuwa na kosa, na Ardith mwenyewe alimtetea hata akiwa kitandani. Farasi huyo alikuwa jike jeupe, mpole. Ardith alikuwa ameuinua mguu wake wa nyuma, ameulaza mapajani, anampigilia kiatu cha chuma kama alivyowapigilia farasi wote wa bonde letu tangu usichana wake. Upepo ukang'oa bati la banda. Jike akaruka, akateleza kwenye barafu, akamwangukia. Kisha farasi akanyanyuka, akajikung'uta, akaenda zake. Ardith akabaki chini anatazama mbingu, na neno la kwanza alilomwambia mwenye farasi lilikuwa, "Huo mguu wa kulia sijaumaliza. Usimpeleke kwenye mawe."

Ndivyo alivyo. Nimekuwa jirani yake hapa Pardee, milimani Montana, kwa muda wa kutosha kumjua, na sijamsikia akilia. Lakini majira yale ya baridi nilimwona akikaribia kulia.

Haikuwa kwa sababu ya maumivu, ilikuwa kwa sababu ya nyama. Hapa kwetu mtu hanunui nyama ya kumtosha majira ya baridi. Anapanda mlimani msimu wa kuwinda, anapata elki wake, yaani yule kulungu mkubwa ambaye dume lake linamkaribia ng'ombe kwa mwili, anajaza friza, na nyingine anawagawia wasioweza. Ardith alikuwa mgawaji. Wajane, wagonjwa, mwalimu mgeni asiyejua kushika bunduki, wote walikuwa wamepata vifurushi vyake vya karatasi nyeupe. Mwaka ule vifurushi vilikuja kwake. Kila aliyebisha hodi alikuwa na kimoja mkononi. Dada yake mkubwa, Nedra, ndiye aliyekuwa akivipokea na kuvipanga frizani.

"Watu wanakupenda, mdogo wangu," Nedra alimwambia.

"Najua wananipenda," Ardith akajibu huku amegeukia ukutani. "Na mimi najua kula. Ila nikimaliza nyama hii, ya mwakani nitaileta mwenyewe, kwa mgongo wangu."

Nedra akanitazama, nami nikamtazama. Daktari alikuwa amemwambia atatembea. Habari ya kubeba hakuigusa.

Na kubeba ndiyo kazi yenyewe. Mgeni anadhani kuwinda ni kulenga shabaha. Risasi ni jambo la kufumba na kufumbua. Ukishaiachia, una mlima wa nyama mbali na barabara, na jua linapanda. Bonde la Sorrel, ambako Ardith huwinda, moto wa msituni ulilipitia zamani, miti ikaanguka na kulaliana ovyo kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Farasi hapiti, wala nyumbu. Kinachopita ni binadamu na shanta lake mgongoni.

Theluji ilipoyeyuka, daktari alitazama picha za mfupa akasema umeunga, ajaribu taratibu, mwili wenyewe utamwambia. Ardith akatoka hospitali na fimbo yake, akaniomba nimpeleke moja kwa moja kwenye banda la marehemu baba yake.

Humo kulikuwa na ubao wa mzee wa kubebea nyama: mbao nyembamba zilizopinda kidogo, na mikanda miwili ya turubai. Akautundika mgongoni, nikamfungia mfuko wa misumari. Alipiga hatua kadhaa tu uani.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Mzee alikuwa na mabega kama ya fahali," akasema. "Huu unaning'inia mabegani, kiunoni hakuna kitu. Mabega yakichoka, hakuna wa kuyapokea. Nivue."

Binamu yake Wendell, ambaye huwinda naye kila mwaka, akamletea shanta lake la kupigia kambi. Wendell ni mtu wa mdomo mwingi na moyo mzuri, na alilisifia lile shanta kana kwamba amelishona yeye. Lilikuwa kubwa, laini, limejaa mifuko na zipu kila upande.

"Hili halina mwisho," akasema. "Ukitaka unaingiza elki mzima na mke wake."

Wakatia ndani mfuko wa chakula cha farasi. Ardith akalivaa, akaanza kupanda kilima kilicho nyuma ya nyumba. Hakufika mbali. Mzigo wote ulikuwa umeshuka chini kabisa, shanta limevimba matakoni, linamvuta nyuma kila akiinua mguu.

"Binamu," akaita kutoka kilimani, "hili shanta lako ni nepi ya mtoto iliyojaa!"

"Umelifunga vibaya wewe!"

"Njoo unifunge vizuri basi!"

Wendell akaenda, akavuta mkanda huu, akalegeza ule, akavuta tena, mpaka mikanda ikamwishia mikononi. Mzigo ulibaki palepale, chini.

Ndipo tukaenda mjini, kwenye duka la vifaa vya milimani. Muuzaji alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Akamletea shanta la kazi hiyo hasa: fremu ngumu inayokaa mgongoni, na begi linalofunguka likaachana na fremu, ili nyama ikae katikati, karibu na mgongo, huku begi likiikumbatia kwa nje. Nikaona macho ya Ardith yamewaka. Kijana akatia mifuko ya mchanga, akamvisha, akamfunga mkanda wa kiunoni. Ardith akapiga ukelele uliowageuza wateja wote.

"Utazoea, mama," kijana akasema. "Mwanzoni wote wanalalamika."

Ardith akavuta pumzi. "Mwanangu, kazi yangu ni farasi. Farasi akiniambia tandiko linamuumiza, simwambii atazoea. Namvua, natafuta linapomuuma. Nivue."

Kijana hakuwa mjinga. Akamvua, akachukua futi ya kamba, akampima kutoka kwenye kifundo cha shingo hadi juu ya mifupa ya nyonga. Kisha akacheka mwenyewe.

"Nimekupa fremu ya jitu," akasema. "Mgongo wako mfupi, samahani. Mkanda ulikuwa unakukalia chini ya mfupa badala ya kuushika kwa juu."

Akaleta fremu fupi zaidi, inayoweza kupandishwa na kushushwa. Ardith akapanda ngazi za duka na mchanga mgongoni, akashuka, akapanda tena. Wateja walimpisha. Mzigo ule ulikuwa juu, umembana katikati ya mabega, hautikisiki. Uzito ulikuwa umeshukia kwenye nyonga, na mabega yalikuwa yanauongoza tu. Nilimwona anatabasamu. Halafu mkanda ukamfinya upande wa kushoto, pale mfupa ulipounga ukaacha kinundu, uso ukamkunjika.

"Hili ndilo," akasema hata hivyo. "Limebaki suala dogo. Hilo nitalimaliza nyumbani."

Suala dogo lilichukua majira yote ya kiangazi. Ardith alifanya kama watengeneza matandiko wanavyofanya. Alipaka chaki upande wa ndani wa mkanda, akavaa fulana nyeusi, akajitwika mfuko wa chakula cha farasi, akapanda kilima na kushuka. Kisha akamwita Nedra amtazame kiunoni.

"Kulia kuna chaki kidogo, imeenea vizuri," Nedra akasema. "Kushoto pana duara moja jeupe kama yai."

"Hapohapo. Hapo ndipo linaponila."

"Na mimi nimekuwa nani sasa? Dada yako au mkaguzi wa nyumbu?"

"Nyumbu asingekuchekesha hivi. Nisomee tena."

Akachukua kitambaa kizito cha sufu, kile kinachowekwa chini ya tandiko, akakikata pedi, na katikati ya pedi akatoboa tundu la ukubwa wa kinundu, ili mkanda ushike pembezoni na kuuacha mfupa upumue. Tundu la kwanza lilikuwa dogo. La pili lilikaa juu mno. Akashona, akafumua, akashona. Kila jioni ungemwona anapanda kilima akiwa na mzigo, kwanza na fimbo, halafu bila fimbo, halafu mzigo ukaongezwa. Na kwa kuwa kilima hakikumtosha, akaanza kutembea na mifuko yake kando ya barabara hadi duka la chakula cha mifugo na kurudi.

Pardee ni mahali padogo, na barazani pa duka lile hukaa watu ambao kazi yao ni kuona.

"Ardith!" mmoja akampigia kelele. "Siku hizi chakula cha farasi unakitembeza kwanza kabla ya kukinunua?"

"Nakipunguza mafuta!"

"Nyumbu wa kukodi ni kiasi gani kwa siku?"

"Kwa wewe, bure. Lakini uje ukipande kilima mwenyewe, mimi nakufuata nyuma na mjeledi!"

Wakaangua kicheko, naye akacheka, akaendelea. Ila baada ya kupita kona nilimwona ameegemea uzio, amelegeza mkanda, ameinamisha kichwa. Sikumkaribia. Baadaye akajiinua, akafunga mkanda upya, akaenda.

Halafu jioni moja alishuka kilimani, Nedra akatazama fulana, akaitazama tena.

"Haya sema," Ardith akasema. "Yai liko wapi?"

"Hakuna yai," Nedra akasema. "Pande zote sawasawa." Na Nedra, ambaye ndiye aliyekuwa akimvisha soksi dada huyu majira yote ya baridi, ndiye aliyelia.

Msimu ulipofunguliwa, Ardith na Wendell walipanda Sorrel kabla ya jua. Wendell alikuwa na shanta lake lile lile.

"Bado una nepi?" Ardith akamuuliza.

"Shanta ni shanta," Wendell akasema. "Anayebeba ni mtu."

Yaliyotokea huko juu nimeyasikia kutoka kwao wote wawili, mara nyingi, na kwa kuwa hawabishani isipokuwa kuhusu nani alicheka zaidi, nayaamini. Waliruka magogo yaliyoungua hadi kulipokucha, wakajibanza kwenye ukingo wa bonde. Kundi la elki lilikuwa linakula chini yao, pumzi zao zikitoka kama moshi. Dume lilikuwa limesimama pembeni, shingo nyeusi, pembe zimepanda juu kama matawi makavu. Ardith akalala kifudifudi, akaegemeza bunduki juu ya shanta lake, akasubiri mpaka dume likageuka ubavu. Risasi moja. Likaenda hatua chache, likapiga magoti, likalala.

Ardith akalikaribia polepole, akaweka kiganja shavuni mwa dume lile. Wendell akavua kofia. Kisha wakakunja mikono ya mashati.

Kuchuna dume la elki ni kazi ya asubuhi nzima. Walitoa mapaja, mabega, minofu ya mgongo, sarara, nyama ya shingo na ya mbavu, wakaitenga na mifupa ili wasibebe kisicholiwa, wakaitia kwenye mifuko ya kitambaa na kuining'iniza kivulini, mbali na matumbo. Siku ile ilikuwa na joto lisilo la msimu. Na Wendell alipokwenda kijitoni kunawa alirudi haraka kuliko alivyokwenda.

"Kuna nyayo za dubu," akasema. "Mbichi."

"Mkubwa?"

"Sikumpima, binamu! Tufunge mizigo!"

Wakafunga. Ardith alilaza paja zima kwenye fremu yake, juu, katikati ya mabega, akalibana na begi, akakaa chini, akavaa mikanda, akapinduka kwa magoti na mikono, akasimama. Wendell akatia paja jingine ndani ya shanta lake, nalo likaporomoka hadi chini kama jiwe kisimani.

Kwenye gogo la pili, Wendell akainua mguu kuruka, mzigo ukakataa kuruka naye. Ukamvuta nyuma taratibu, kama mtu anayekaribishwa kitini, akalala chali kati ya magogo mawili, mikono na miguu juu.

"Ardith," akaita.

Ardith hakuweza kugeuka haraka. Alipogeuka na kumwona, akashika mti.

"Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka! Mabega yanakutikisika!"

"Kobe wa Sorrel," Ardith akasema, machozi yanamtoka. "Nipe mkono."

Alipomvuta, mkanda mmoja wa shanta la Wendell ukakatika. Wakaufunga kwa kamba, lakini lile shanta halikuwa tena la kubeba paja la elki. Wendell akabaki kubeba mifuko midogo, sarara na nyama ya mbavu. Mizigo mikubwa yote ikawa ya Ardith.

Kutoka bondeni kuna ukingo mrefu wa kupanda kabla ya kuteremkia barabarani. Hapo ndipo maumivu yalipomkuta, upande wa kushoto, makali, kama mtu amepitisha msumari. Akasimama. Wendell aliona uso wake umebadilika rangi.

"Tua," akamwambia. "Tua, Ardith. Nitakwenda kuita watu. Hakuna aibu."

"Ngoja kwanza."

"Unataka kuvunjika tena?"

"Nimesema ngoja, bwana. Namsikiliza farasi."

Akafumba macho. Akagundua kwamba paja lilikuwa limeshuka kidogo katika kuruka magogo, na lilikuwa linaivuta fremu chini, likiusukuma mkanda kutoka mahali pake. Akaegemea jiwe, akafungua mkanda wa kiunoni, akaupandisha juu ya mifupa, tundu la pedi likakaa juu ya kinundu chake, akaukaza. Wendell akainua paja kwa mabega yake huku yeye anakaza kamba za kando, mpaka nyama ikarudi juu na kukumbatia mgongo. Akapiga hatua moja, nyingine, kisha ya tatu. Msumari ulikuwa umetoka.

Wendell anasema Ardith alipiga yowe lililowarusha kunguru wote. Ardith anasema alisema tu "haya". Vyovyote vile, aliupanda ukingo ule bila kusimama tena, na Wendell, na mifuko yake midogo, akabaki nyuma akihema, akimwomba apunguze mwendo.

"Kuna dubu nyuma yako," Ardith akamjibu. "Muombe yeye apunguze."

Waliteremsha mizigo kwenye pikapu, wakarudi, wakateremsha mingine, na kilichobaki wakakitundika juu sana kwenye mti. Dubu hakukigusa. Usiku hali ya hewa iligeuka, theluji nyepesi ikaanguka, na asubuhi nyama ilikuwa baridi kama imetoka frizani.

Siku hiyo ya pili mimi na Nedra tulikwenda kuwasubiri mwisho wa barabara. Nedra alikuwa na chupa ya kahawa kifuani kama mtoto mchanga, na hakunywa hata tone. Tulikaa garini, tukitazama njia inayotoka msituni. Wakati mmoja akasema, "Akitoka anachechemea, usimwambie kitu. Niachie mimi." Nikakubali.

Tulianza kuona pembe. Zilikuwa zinapita juu ya vichaka, zikipanda na kushuka, kama dume limefufuka na linakuja kwa miguu yake. Halafu tukaiona kofia ya rangi ya chungwa, na chini yake uso wa Ardith, mwekundu, umelowa jasho na theluji. Alikuwa amebeba kichwa na pembe na nyama yote ya shingo, mzigo wa mwisho, na hakuwa anachechemea. Alikuwa anatembea kama mtu anayeingia harusini, na harusi ni yake.

Nedra akatoka garini akasahau kufunga mlango. "Nani kakuruhusu kubeba hicho kitu chote?" akafoka.

"Kiuno changu!" Ardith akafoka naye. "Niliposimama kukiuliza, kikasema twende!"

"Unaumwa wapi?"

"Kila mahali, dada! Kila mahali sawasawa!"

Wakakumbatiana na pembe zikiwa katikati yao, na Nedra akachomwa shavuni, na hakujali. Wendell akatokea nyuma na mfuko mmoja mkononi. Shanta lake alikuwa amelikunja, amelifunga kiunoni kama aproni.

"Msiniulize," akasema. "Naomba kahawa."

Siku zilizofuata jiko la Ardith lilikuwa kama kiwanda. Wendell alisaga, Nedra alifunga karatasi, mimi nilinoa visu, naye Ardith alikata, amesimama wima mezani tangu asubuhi bila kutafuta kiti. Kisha akapakia pikapu na kuzunguka Pardee nzima, nyumba kwa nyumba, kwa wote waliobisha hodi kwake alipokuwa amelala. Hakutoa hotuba. Alikuwa anagonga, anakabidhi, anasema, "Hii ya kuchoma, usiikaushe," na kwenda. Mbele ya duka la chakula cha mifugo, wale wa barazani walipoziona pembe nyuma ya pikapu walisimama wote, mmoja mmoja, na yule aliyeulizia nyumbu wa kukodi akashuka ngazi kuja kumshika mkono. Hakufanya utani.

"Hilo shanta," akasema. "Mke wangu ana mgongo mfupi kama wako. Unaweza kumtazamia?"

"Mlete," Ardith akasema. "Aje na fulana nyeusi."

Jioni ile alitualika kula. Alikaanga sarara kwenye sufuria la chuma, siagi na kitunguu tu, na viazi kando. Wendell alisimulia hadithi ya kobe kabla mtu mwingine hajamwanza, akiisimulia vizuri kuliko ilivyotokea. Nedra alicheka mpaka akashika ubavu. Tulipogeuka kumtafuta mwenye nyumba ili aongeze lake, tulimkuta amelala palepale kitini, uma mkononi, kipande cha nyama bado kiko kwenye uma huo. Nedra akamtoa uma taratibu, akamfunika shali mabegani, na sisi tukaendelea kula kwa sauti ya chini.